Nusu ya Ujira wa Binti Yangu

Babu yangu hakuwahi kuombwa apunguze bei. Mtu aliyetaka jembe au mundu kwake alileta alichoambiwa alete, akakiweka chini, akasubiri nje ya banda mpaka aitwe. Hakuna aliyenung'unika. Si kwamba walimpenda sana. Waliiogopa nyundo yake. Huku kwetu Kirua Vunjo, na milimani kote nilikopita, watu waliamini kwamba mhunzi akiudhika, akaigonga nyundo juu ya fuawe tupu huku akilitaja jina lako, nyumba yako haitapona. Basi babu alilipwa kamili, akanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, peke yake. Kata iliyozunguka kwa wanaume wengine kwenye sherehe haikumfikia. Alikwenda na yake, ameifunga kwa kamba kwenye mkanda wa suruali.

Nimezaliwa katika ukoo huo. Sisi watoto wa kike tulifundishwa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto. Nilianza nikiwa na miaka saba hivi, na hadi nafikia umri wa kupata kipaimara nilijua kwa rangi tu kama chuma kimeiva au bado. Lakini nyundo hatukuishika. Hata kuivuka ikiwa imelala chini tulikatazwa. Chuma kilipouzwa, kaka zangu walipata chao kidogo, nasi tukaambiwa tumesaidia.

Nilipokuwa msichana mkubwa, kijana mmoja wa ng'ambo ya mto alituma watu kwetu. Mama yake aliposikia akasema hataingiza nyundo nyumbani kwake. Nikaolewa na mtu wa ukoo wa wahunzi kama wetu, wa upande wa Rombo, mtu mpole, Mungu amrehemu, ambaye hakufua chuma hata siku moja. Alilima kahawa.

Nimekuwa katekista kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwenzangu wa kigango cha jirani, mwanamume, alipewa posho kubwa kuliko yangu, na baiskeli, na baadaye pikipiki. Nilipouliza niliambiwa mwenzangu ana familia. Wakati huo nilikuwa mjane mwenye watoto wanne. Nikasema asante. Nimesema asante mara nyingi maishani, na nyingi kati ya hizo nilimaanisha, kwa sababu Mungu amenitunza na sijalala njaa. Lakini nimeanza kuchoka, na nadhani si miguu tu iliyochoka.

Nataka kueleza jambo nililolitenda juzi juzi tu, katika uzee huu, kwa binti yangu wa mwisho.

Binti yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alijifunza kwenye chuo cha ufundi cha masista, msichana peke yake darasani, akamaliza akiwa wa pili. Kisha akafanya kazi miaka minne kwenye karakana moja ya mjini, mtaa wa Njoro. Alichomelea mageti na vichanja vya kubebea mizigo kwenye malori, lakini alilipwa kama msaidizi. Vijana waliokuja baada yake, ambao yeye ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kushika kijiti cha kuchomelea, walipandishwa kuwa mafundi. Alipomuuliza mwenye karakana, yule alicheka bila ubaya wowote, akamwambia, "Dada, wewe utaolewa. Hawa wenzako ndio wanaooa."

Hakuolewa. Alikodi kibanda Pasua, mjini humo humo, kando ya wauza mbao, akaanza kazi yake mwenyewe. Mashine ya kuchomelea hakuwa nayo. Aliikodi kwa siku kwa jirani yake, na siku ambayo jirani alikuwa na kazi nyingi, yeye alikaa. Kila alichopata, kipande kikubwa kilikwenda kwenye kodi ya mashine. Aliniambia mara nyingi, "Mama, nikipata kazi moja tu kubwa ya kulipwa vizuri, nanunua mashine yangu. Nikishakuwa na mashine, hakuna wa kuniita msaidizi."

Kazi hiyo kubwa ikatokea kanisani kwetu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Kwaresima. Kigango chetu kilikuwa kimejenga uzio, na sasa tulitaka geti kubwa, geti dogo la waenda kwa miguu, na grili za madirisha yote. Bei mbili zililetwa mbele ya halmashauri: ya fundi mmoja wa Himo, anayejulikana sana, na ya binti yangu. Mimi ni mjumbe, nilikuwapo.

"Ya binti wa mama katekista iko chini kidogo," mwenyekiti alisema.

"Iko chini kwa nini?" mzee mmoja akauliza. Ni mtu wa maskhara, tumesoma naye shule ya msingi. "Ataweza? Mwanamke na geti kama lile?"

"Amesomea, meku," akajibu mama anayeshika hazina ya kigango, akimwita mzee kwa lugha ya kwetu.

"Kusomea ni kusomea. Geti likiwaangukia watoto wa komunyo ya kwanza je?"

"Likianguka litakuwa la kwanza. Nenda Pasua ukaangalie mageti yake."

"Haya, mimi siogopi geti," yule mzee akaendelea, na nikaona kwa macho yake kwamba utani sasa unakuja. "Naogopa tukichelewa kumlipa. Hao ni watu wa nyundo! Atatugongea ngo, ngo, ngo, kigango kizima tuharishe mpaka Pasaka!"

Walicheka wote. Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Hata mama wa hazina alifunika mdomo kwa kanga. Haikuwa chuki. Ni watu ninaosali nao. Nimewabatizisha wajukuu wao. Yule mzee mwenyewe mke wake alipofariki nililala kwake siku tatu nikipika. Lakini nilisikia uso unawaka kama nilipokuwa msichana, siku ile mama wa kijana wa ng'ambo ya mto aliposema neno lake. Nikatamani kitu kimoja tu, waone kwamba sisi si watu wa kuogopwa. Kwamba nyumba yetu ni nyumba ya Kikristo.

Nikasimama. Nikasema, "Binti yangu atafanya kwa nusu ya bei aliyoandika. Nusu nyingine ni sadaka ya nyumba yetu."

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akasema hiyo ndiyo imani ya matendo. Yule mzee akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilirudi nyumbani jioni ile nikipita katikati ya migomba nikiwa mwepesi, nikiimba. Sijawahi kufurahia sadaka kama nilivyoifurahia ile, na ingenipasa kujiuliza kwa nini. Sadaka zangu nyingine zote zilinigharimu kitu.

Kesho yake nilishuka mjini kumwambia. Nilimkuta Pasua, amevaa ovaroli, kitambaa kichwani, anasafisha mlango wa chuma kwa grenda. Aliponiona akazima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nitakula. Vipi, wameamua?"

Kabla sijajibu, mwanamume mmoja alisimama mbele ya kibanda. "Dada, habari. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi."

"Aa. Namaanisha fundi mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye mimi, kaka. Una kazi gani?"

Yule alitazama ndani ya kibanda, kana kwamba fundi angekuwa amejificha nyuma ya mabati, kisha akasema atarudi. Binti yangu hakuonyesha kukasirika. Alivuta kigoda, akanikalisha.

"Wamekupa kazi," nikamwambia.

Alipiga makofi mara moja, mikono ya glavu ikatoa vumbi. "Mama! Asante Yesu. Basi mashine nimepata."

Ikabidi nimwambie na lile lingine. Nilimwambia nikitabasamu, kwa sababu bado sikuwa nimeelewa.

"Ulisema nusu?"

"Nusu. Ni kanisa, mwanangu."

"Nusu ya ufundi, au nusu ya bei yote?"

"Kuna tofauti gani?"

Akavua glavu moja, halafu nyingine, akaziweka juu ya mlango ule. "Mama, kwenye ile bei kuna chuma. Kuna rangi. Kuna kodi ya mashine na gari la kupandisha geti mpaka Kirua. Chuma dukani siuziwi nusu. Ukitoa nusu ya bei yote, hakuna kilichobaki cha kwangu. Nitafanya mwezi mzima, nipate labda nauli."

Nikasema, "Sikujua."

"Hukuuliza."

Nilimwomba twende kwa mwenyekiti tumweleze. Akakataa. Alisema neno la mama yake limeshasemwa kanisani, na akilipinga yeye, watasema ndivyo wahunzi walivyo, mkono mmoja unatoa na mwingine unanyang'anya. Alikuwa amelielewa jambo lote kuliko mimi. "Nitafanya," akasema. "Lakini usiniambie ni sadaka yangu."

Alifanya. Siku za mwisho hakupata hata gari la kukodi, akalibeba geti dogo juu ya kirikuu, kigari cha mizigo kilichokuwa kinapeleka pumba za ng'ombe. Jumapili ya Matawi tuliingia kanisani tukipita katika mageti yale, na yalikuwa mazuri kweli. Alikuwa amekunja nondo nyembamba zikawa mashuke ya ngano na majani ya mzabibu. Paroko aliyabariki. Watu walinipongeza mimi.

Nilidhani limekwisha hapo. Moyoni nilijiambia Mungu atamrudishia kwa njia nyingine, maana ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu miaka yote hiyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba bei ina miguu, na inashuka mlima upesi kuliko mtu.

Wateja walianza kumfuata. Waliyaona mageti ya kanisani, wakayapenda, wakateremka Pasua. Na kila mmoja alikuja na neno lile lile. "Kanisani ulifanya nusu. Kwangu je?" Alipoeleza kwamba ile ilikuwa sadaka, walimjibu kwamba mtu anayeweza kufanya kwa nusu anaweza. Mama mmoja wa jumuiya yangu, tunasali naye rozari kila Alhamisi, alikwenda kutaka grili za nyumba nzima. Alipotajiwa bei akasema, "Mwanangu, wewe huna mke wala watoto wa kusomesha. Unataka hela yote hiyo uifanyie nini?" Kisha akampa kazi fundi mwingine, mwanamume, kwa bei ile ile aliyoikataa. Hilo nililisikia kwa yule mama mwenyewe, kwenye jumuiya, akilisimulia kama jambo la kuchekesha.

Masika yote hayo sikushuka mjini. Magoti yalinisumbua. Nilipiga simu, naye alisema yuko salama. Mvua zilipopungua nilimpelekea mkungu wa ndizi na maziwa, nikakuta kibanda kimefungwa kwa mnyororo. Muuza mbao akaniambia, "Mama, fundi amerudi Njoro kwa bosi wake wa zamani. Hapa alikuwa anakosa hata kodi."

Nilikwenda Njoro. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amechuchumaa ameshikilia bomba, na kijana wa umri wa mpwa wake ndiye aliyekuwa anachomelea. Kijana alisema, "Dada, inua kidogo," naye akainua. Amerudi kuwa msaidizi. Nilimpa ndizi na maziwa, tukaongea habari za ng'ombe, nikaondoka. Sikuweza kusema zaidi. Njiani nikipanda nyumbani nilijaribu kusali rozari, nikawa napotea hesabu.

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake, anachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, analipeleka. Ni mmea ule wa majani marefu tunaowekea mipaka. Ukiletewa sale huwezi kukataa kupatana. Anayekataa anajitafutia laana. Kwa kawaida huletwa na mdogo kwa mkubwa, au nyumba kwa nyumba. Mama kumpelekea mwanawe sale sijawahi kuona. Hata hivyo nililichuma. Nililifunga jani lile ndani ya kanga, nikasubiri Jumamosi anayotoka kazi mapema, nikamfuata chumbani kwake.

Nilipolifungua alilitazama muda mrefu.

"Mama, nani amekutuma?"

"Nimejituma. Nimekukosea."

"Unajua kwamba siwezi kulikataa."

"Najua."

"Ndiyo maana umelileta." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma namba kwenye mita. "Nikilipokea, tumepatana, yamekwisha, na mimi bado niko Njoro nashikilia bomba. Sale litakuwa limenifunga mdomo."

Nilikuwa nimelileta kwa machozi ya kweli, lakini alichosema kilikuwa kweli pia.

"Sikatai," akaendelea. "Mungu ananiona, sikatai. Lishike wewe kwanza. Ulinipunguza mbele ya watu, basi niweke sawa mbele ya watu walewale. Halafu niletee, nitalipokea kwa mikono miwili."

"Unataka nikaseme nini?"

"Ulichokifanya."

Nikarudi na jani langu. Nililiweka ndani ya maji kwenye kopo, dirishani, lisinyauke.

Nilikaa nalo wiki tatu. Naandika hivi kwa aibu. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Mtu akishasifiwa kwa uvumilivu na ukimya miaka thelathini, ni kazi kubwa kuinuka na kulipoteza jina hilo kwa dakika mbili.

Halmashauri ilipokutana tena, jambo la kwanza lilikuwa bweni la wasichana. Parokia ilikuwa inajenga bweni, na kila kigango kilipewa sehemu yake. Sisi tuliangukiwa na vitanda vya chuma, vile vya juu na chini, hamsini. Mwenyekiti alifurahi.

"Kwa vitanda hatuna shida," akasema. "Tunaye fundi wetu wa nusu."

Walicheka kidogo, cheko la watu walioshiba. Nikasimama. Nilishika kiti cha mbele yangu.

"Ndugu zangu, ile nusu haikuwa yangu kuitoa. Ilikuwa ujira wa binti yangu. Sikumuuliza. Niliitoa kwa sababu mlinicheka, nikataka mnione mwema."

Nje mtu alikuwa anakata majani ya ng'ombe, tulisikia panga lake.

Yule mzee wa maskhara ndiye aliyeanza. "Sasa mama katekista, sadaka inarudishwa?"

"Ya kwangu sirudishi. Ile niliiba, meku. Niliiba kwa mtoto wangu nikaipeleka altareni."

"Usiseme hivyo," mama wa hazina akanong'ona.

"Nimesema. Na la pili. Baba zenu walimlipa babu yangu kamili kwa sababu walimwogopa. Binti yangu haogopwi na mtu, basi analipwa nusu. Nauliza tu, watu wa nyumba yetu watalipwa lini kwa sababu kazi imekwisha?"

Yule mzee aliinamisha kichwa. Sikuwa nimemkusudia yeye peke yake, lakini naona alidhani hivyo. Mwenyekiti akakohoa. "Basi tumeelewa, mama. Bei yake ya vitanda ni ipi?"

"Sijui. Mpigieni mwenyewe. Ana simu."

Walimpigia palepale, mwenyekiti akaweka sauti kubwa. Binti yangu aliomba siku mbili apige hesabu, akatuma bei. Ilikuwa chini kidogo ya ile iliyoletwa na fundi wa Himo, kama mara ya kwanza. Na wakampa kazi fundi wa Himo. Waliniambia hawana neno na binti yangu, ila vitanda ni vingi na mwanamume ana vijana chini yake, atamaliza haraka. Mama wa hazina alipiga kura peke yake upande wetu. Mimi sikuruhusiwa kupiga, kwa kuwa ni mzazi, na hilo lilikuwa haki.

Nilimpigia simu mwanangu jioni. Nikamweleza yote, na kwamba amekosa. Akauliza, "Ulisema neno 'niliiba'?"

"Nilisema."

"Mbele ya yule mzee?"

"Yeye ndiye niliyemjibu."

Nikamsikia anacheka, taratibu, na sijui kama alikuwa analia pia. Jumapili alipanda nyumbani. Sale lilikuwa limeanza kuwa njano kwenye ncha. Alilipokea kwa mikono miwili kama alivyoahidi, tukala mtori wa ndizi, akaosha vyombo, akarudi mjini kwa ajili ya kazi ya Jumatatu, kule Njoro.

Mwezi ulipopita, fundi wa Himo alimfuata. Alikuwa amekubali kazi nyingi mno, vijana wake wawili wamekimbilia Arusha, na siku ya kubariki bweni ilikuwa imeshatangazwa. Alimwomba amtengenezee vitanda thelathini kati ya vile hamsini. Binti yangu alinisimulia maneno yao.

"Alianza na 'Dada, si kanisani ulifanya nusu?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ile ilikuwa ya mama yangu, na mama yangu amekwisha kuitengua kwa mdomo wake. Kitanda kimoja ni kiasi hiki. Chuma unaleta wewe. Malipo kila vitanda vitano, sio mwisho."

"Akakubali?"

"Aliondoka. Akarudi baada ya saa moja."

Aliacha kazi Njoro, akafungua mnyororo wa Pasua. Alichopata kwa kitanda, hata ukitoa gharama ya chuma, kilikuwa chini ya kile ambacho fundi wa Himo alilipwa na kigango kwa kitanda kilekile. Tofauti yote ilibaki kwa yule aliyeketi Himo. Lakini ilikuwa bei ya fundi. Haikuwa nusu, na haikuwa ya msaidizi.

Siku ya kubariki bweni tulikaa nyuma, mimi naye. Vitanda vilipangwa safu mbili, vimepakwa rangi ya kijivu, na wasichana walikuwa wameshatandika mashuka yao. Nilivijua vya kwake bila kuambiwa. Pale chuma kinapokutana na chuma alikuwa amesugua mpaka mkono ukipita hausikii kitu, ili mtoto asijikwaruze usiku anaposhuka. Vile vingine vilikuwa na meno.

Paroko alishukuru vigango vyote. Kisha akasema, "Na sasa tumpongeze fundi wetu, aliyefanya kazi hii usiku na mchana." Fundi wa Himo akapita mbele, ana koti, akainamisha kichwa. Watu wakapiga makofi.

Nilianza kuinuka. Nilikuwa nimeshasema mara moja mbele ya watu, na nilidhani naweza tena. Binti yangu akanishika gauni.

"Mama, kaa."

"Nitasema neno moja tu."

"Kaa, mama. Ana kazi ya mageti ya shule huko Himo, ameniambia atanipa na hiyo. Ukimwaibisha leo, kesho anampa mwingine." Akaniangalia. Kwenye paji la uso alikuwa na alama ndogo ndogo za cheche. "Imebaki kidogo sana ninunue mashine."

Nikakaa. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, na yeye pia alikuwa anapiga, viganja vyake vigumu vikitoa sauti ya juu kuliko vyetu. Nami nikapiga.